Mabaki ya Saruji Chini ya Fizi: Namna Ubandikaji wa Taji Unavyoathiri Jino la Kupandikizwa

Jino la kupandikizwa halitoboki. Kipandikizi hutengenezwa kwa metali, mara nyingi titani, na bakteria wanaooza meno ya asili hawana la kuifanya metali hiyo. Hata hivyo, fizi na mfupa unaokizunguka kipandikizi ni viungo hai, na viungo hai huugua. Vinapougua bila kutibiwa, mfupa hupungua kidogo kidogo hadi kipandikizi kilichogharimu fedha nyingi na miezi mingi ya matibabu kinalegea na kulazimika kutolewa.

Visababishi vya ugonjwa huo ni vingi. Usafi hafifu wa kinywa, uvutaji wa sigara, kisukari kisichodhibitiwa na historia ya ugonjwa wa fizi vinafahamika kwa wengi. Kipo kimoja kisichozungumzwa sana nje ya kliniki, ambacho mgonjwa hana namna ya kukizuia kwa mswaki wake: saruji ya meno iliyotumika kubandika taji, ikafurika, ikapenya chini ya fizi na kubaki humo bila daktari wala mgonjwa kuiona.

Jino la kupandikizwa huwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni kipandikizi chenyewe, kilicho mfano wa skrubu, ambacho daktari hukiingiza ndani ya mfupa wa taya na kukiacha kwa miezi kadhaa kishikane na mfupa. Ya pili ni nguzo, kipande kifupi kinachofungwa juu ya kipandikizi na kupita katikati ya fizi. Ya tatu ni taji, yaani sehemu inayoonekana kinywani na kufanya kazi ya kutafuna.

Elimu ya kushikana kwa titani na mfupa ilitokana na kazi ya Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Vifaa vya titani alivyoviweka katika mifupa hiyo viligoma kutoka utafiti ulipokwisha, kwa kuwa mfupa ulikuwa umevikumbatia. Mwaka 1965, katika jiji la Gothenburg, alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye aliishi na vipandikizi vyake kwa zaidi ya miaka 40. Inafaa kukumbuka kuwa meno ya Brånemark yalifungwa kwa skrubu. Saruji iliingia baadaye, pale vipandikizi vilipoanza kutumika sana kwa jino mojamoja, na madaktari wakaleta katika vipandikizi utaratibu waliokwisha kuuzoea katika kuvika taji meno ya asili.

Njia mbili za kufunga taji

Leo taji hufungwa kwa mojawapo ya njia hizo mbili. Taji la skrubu huwa na tundu juu yake. Daktari hupitisha skrubu katika tundu hilo, hukaza kwa kipimo maalumu, kisha huziba tundu kwa kijazio cha rangi ya jino. Likipata hitilafu, hufunguliwa na kurudishwa. Taji la saruji halina tundu. Hupakwa saruji kwa ndani na kuvikwa juu ya nguzo kama kofia.

Njia ya saruji ina sababu zake za kupendwa. Uso wa taji unabaki mzima bila tundu, jambo lenye uzito hasa kwa meno ya mbele. Kipandikizi kilichokaa kwa mshazari kwa sababu ya umbo la mfupa bado kinaweza kubeba taji lililonyooka. Kazi ya maabara ni nyepesi na mara nyingi gharama yake ni ndogo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionesha kuwa mataji ya skrubu hupata matatizo ya kiufundi mara nyingi zaidi, kama vile skrubu kulegea au kauri kumeguka, ilhali mataji ya saruji yalihusishwa zaidi na matatizo makubwa ya kibaiolojia, yakiwemo kupungua kwa mfupa na kupotea kwa kipandikizi. Tofauti ya uzito wa matatizo hayo ndiyo inayopaswa kutazamwa: skrubu iliyolegea hukazwa kwa dakika chache, lakini mfupa uliopotea haurudi kwa urahisi.

Kwa nini fizi ya kipandikizi ni dhaifu

Watu wengi hudhani kuwa fizi hushika kipandikizi kama inavyoshika jino. Sivyo ilivyo. Katika jino la asili, nyuzi imara hutoka ndani ya fizi na mfupa na kuzama moja kwa moja katika tabaka la nje la mzizi, mithili ya mizizi ya mti inavyoshika udongo. Nyuzi hizo hujenga kizuizi ambacho kitu kigeni hakikipenyi kirahisi. Kipandikizi hakina tabaka la namna hiyo. Nyuzi za fizi hukizunguka au kukimbia sambamba nacho bila kuzama ndani yake, na fizi hukikumbatia tu kama shingo ya fulana inavyokumbatia shingo ya mtu.

Aidha, baina ya jino la asili na mfupa kuna utando wenye mishipa mingi ya damu, na sehemu ya damu inayolisha fizi hutoka humo. Kipandikizi hakina utando huo, kwa hiyo fizi yake hupata damu kidogo zaidi na uwezo wake wa kupambana na maambukizi ni mdogo. Hii ndiyo sababu utaratibu wa kubandika taji ambao umekuwa salama kwa miongo mingi katika meno ya asili hauwi salama kwa kiwango hicho hicho katika vipandikizi. Saruji inayosukumwa kuelekea kwenye fizi ya jino la asili hukutana na mlango uliofungwa. Kwenye kipandikizi hukutana na pazia.

Saruji inavyofika chini ya fizi

Nafasi iliyopo kati ya taji na nguzo ni ndogo mno, kwa kawaida makumi machache ya mikromita, yaani isiyozidi unene wa unywele. Kiasi cha saruji kinachohitajika kuijaza ni kidogo sana. Daktari anayejaza saruji hadi nusu ya taji anajua kuwa karibu yote itatoka nje taji litakapokaa mahali pake, kama uji unavyofurika kikombe kimoja kinapotumbukizwa ndani ya kingine. Swali ni inakotoka kwenda.

Jibu hutegemea mahali ukingo wa taji unapokutana na nguzo. Ukingo ukiwa juu ya fizi, saruji hufurika mbele ya macho ya daktari na kufutwa. Ukingo ukiwa chini ya fizi, saruji inayotoka husukumwa kwa shinikizo katika uwazi mwembamba baina ya fizi na nguzo, na wakati mwingine huteremka hadi karibu na mfupa. Madaktari huushusha ukingo chini ya fizi kwa sababu za mwonekano, ili mstari wa makutano usionekane mtu anapocheka. Tatizo ni kwamba fizi haikai katika mstari ulionyooka; hupanda kati ya jino na jino na kushuka mbele na nyuma. Nguzo za kiwandani, ambazo ukingo wake ni mduara bapa, zikiwekwa milimita 1 chini ya fizi kwa upande wa mbele, huenda zikawa milimita kadhaa chini ya fizi kwa upande wa katikati ya meno, mahali ambapo kusafisha ni kugumu zaidi.

Watafiti wa Vilnius, Lithuania, wakiongozwa na Tomas Linkevicius, walipima jambo hili kwa kubandika mataji yenye ukingo katika vina mbalimbali, kuyasafisha kwa uangalifu, kisha kuyatoa na kuangalia kilichobaki. Kadiri ukingo ulivyokuwa chini zaidi ya fizi, ndivyo mabaki yalivyoongezeka, ingawa msafishaji aliamini kuwa amemaliza kazi. Jaribio lingine, lililochapishwa mwaka 1997, lilikuwa limekwisha kuonesha kuwa hata wataalamu wenye uzoefu huacha saruji na pia kukwaruza uso wa nguzo wanapojaribu kuikwangua wasipopaona. Saruji za resini ndizo zilizokuwa ngumu zaidi kuondoa. Mikwaruzo hiyo nayo si jambo dogo, kwa kuwa uso wenye makwaruzo huwapa bakteria mahali pa kujishikiza.

Kinachofuata baada ya saruji kubaki

Mabaki ya saruji hudhuru kwa namna mbili. Kwanza, ni kitu kigeni ndani ya mwili, na mwili hukishambulia kwa uvimbe. Pili, uso wake una vinyweleo na mikunjo ambayo bakteria hujenga makazi, mahali ambapo mswaki haufiki. Kwa sifa hiyo ya pili, mabaki hayo hufanana sana na ugaga unaoganda kwenye meno yasiyosafishwa.

Hatua ya kwanza ya ugonjwa huishia kwenye fizi peke yake. Fizi huwa nyekundu, huvimba na kutoa damu inapoguswa, lakini mfupa bado ni mzima. Hatua hii hutibika kabisa chanzo kikiondolewa, ingawa fizi ya kipandikizi huweza kuchukua wiki nyingi kutulia. Hatua ya pili ni pale uvimbe unaposhuka na mfupa kuanza kuliwa. Katika hatua hii huenda usaha ukatoka, fizi ikashuka na metali kuanza kuonekana. Upotevu wa mfupa ukishaanza haufuati mwendo wa polepole ulio sawa. Huelekea kuongeza kasi. Maumivu mara nyingi hayapo, au huja mwishoni kabisa, na hapo ndipo ilipo hatari kwa mgonjwa aliyezoea kwenda kwa daktari wa meno pale tu jino linapouma.

Mwaka 2009 Thomas Wilson wa Marekani alichapisha utafiti uliobadilisha mtazamo wa wengi. Alitumia kamera ndogo sana inayoweza kuingizwa chini ya fizi na kuchunguza wagonjwa 39 waliokuwa na vipandikizi 42 vyenye dalili za ugonjwa. Mabaki ya saruji yalikutwa katika asilimia 81 ya vipandikizi hivyo. Katika vipandikizi vya kulinganishia, visivyo na dalili, hayakukutwa. Siku 30 baada ya saruji kuondolewa, dalili zilikuwa zimetoweka katika takribani robo tatu ya vipandikizi vilivyosafishwa.

Miaka 4 baadaye, kundi la Vilnius lilitoa matokeo yanayoongeza jambo muhimu. Kati ya vipandikizi 73 vilivyokuwa na mabaki ya saruji, 62, sawa na asilimia 85, vilikuwa na ugonjwa. Katika wagonjwa waliowahi kuugua ugonjwa wa fizi uliofikia mfupa, kila kipandikizi chenye mabaki kilipata ugonjwa wa hatua ya pili. Kwa wagonjwa ambao fizi zao zilikuwa na historia njema, wengi waliishia kwenye uvimbe wa fizi pekee, na wengine hawakupata ugonjwa wowote. Saruji ile ile, kwa hiyo, haina uzito ule ule kwa kila mtu, na daktari anayeuliza historia ya fizi kabla ya kuchagua njia ya kufunga taji hafanyi hivyo kwa kutimiza fomu tu.

Ni vyema kutolipa jambo hili ukubwa usiostahili. Katika utafiti huo huo wa Vilnius, takribani asilimia 30 ya vipandikizi visivyo na mabaki ya saruji navyo vilikuwa na ugonjwa. Mkutano wa kimataifa wa uainishaji wa magonjwa ya fizi, uliofanyika Chicago mwaka 2017, ulitaja historia ya ugonjwa wa fizi, usafi hafifu na kukosa mahudhurio ya ukaguzi kuwa vihatarishi vyenye ushahidi mkubwa, na ukayaweka mabaki ya saruji katika kundi la mambo yenye ushahidi ambao bado ni mdogo. Taji la saruji lililobandikwa vizuri, lenye ukingo unaofikika, linaweza kuishi na fizi yenye afya kwa miaka mingi.

Eksirei nayo haitoi uhakika

Mgonjwa anaweza kudhani kuwa picha ya eksirei ingemaliza ubishi. Picha husaidia, lakini kwa mipaka. Kwanza, huonesha vizuri pande mbili tu, zile zinazotazama meno jirani. Saruji iliyo mbele au nyuma ya kipandikizi hufunikwa na kivuli cha metali. Pili, tabaka jembamba huweza lisionekane kabisa. Tatu, baadhi ya saruji, hasa za resini, hazizuii mionzi vya kutosha, hivyo picha huzipita kama kioo. Saruji zenye zinki huonekana vizuri zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya madaktari wengi kuzipendelea katika vipandikizi, ingawa nguvu yake ya kushika ni ndogo kuliko ya resini. Kwa kipandikizi, kushika kwa nguvu kupita kiasi si lazima iwe sifa njema: taji linaloweza kutolewa siku ya tatizo lina faida yake.

Hata hivyo, picha inayopigwa siku ya kufunga taji ina kazi nyingine isiyo na mbadala. Hiyo ndiyo inayoonesha mfupa ulipoanzia. Bila picha hiyo, daktari wa miaka ijayo hubaki kukadiria, na mwongozo wa mwaka 2017 unamtaka atumie vipimo vya juu zaidi, kama vile mfupa kushuka milimita 3 au zaidi pamoja na kina cha fizi cha milimita 6 au zaidi chenye kutoa damu, kabla ya kuthibitisha kuwa ugonjwa umefikia mfupa. Vipimo hivyo vikifikiwa, muda mwingi umekwisha kupotea.

Kinachoweza kufanywa kwenye kiti cha daktari

Hatua yenye manufaa makubwa kuliko zote huchukuliwa kabla saruji haijafunguliwa: kuweka ukingo wa taji usawa na fizi au juu yake kila inapowezekana, na inaposhindikana kwa sababu ya mwonekano, usishuke zaidi ya takribani milimita 1. Nguzo iliyochongwa kufuata mkunjo wa fizi ya mgonjwa mwenyewe huwezesha hilo pande zote, tofauti na nguzo ya kiwandani.

Kiasi cha saruji nacho hudhibitiwa. Badala ya kujaza taji, daktari hupaka tabaka jembamba kwa brashi. Wengine hutumia nakala ya nguzo iliyotengenezwa nje ya kinywa: taji lenye saruji huvikwa kwanza kwenye nakala, ziada yote hutokea hapo, kisha taji hutolewa likiwa na utando mwembamba tu na kuvikwa haraka kinywani. Ni mbinu ya gharama ndogo isiyohitaji mashine, na inastaajabisha kwamba haijaenea zaidi. Uzi maalumu wa kuzuia au utepe laini huweza pia kuzungushwa kwenye nguzo ili kunasa saruji kabla haijashuka, mradi wote utolewe baadaye.

Njia nyingine ni kubandika taji juu ya kitako cha titani huko maabara, ambako fundi sanifu huona pande zote na kusafisha kikamilifu, kisha kulifunga kinywani kwa skrubu. Hapo saruji hutumika, lakini haikutani na fizi ikiwa mbichi. Vipo pia vifaa vinavyoruhusu tundu la skrubu kupinda, hivyo kipandikizi cha mshazari hakilazimishi tena matumizi ya saruji kama zamani.

Ugonjwa ukishajitokeza, daktari huanza kwa kutafuta. Hupima kina cha fizi kwa kifaa chembamba bila kukandamiza, huangalia damu na usaha, na hulinganisha picha. Taji la skrubu hufunguliwa. La saruji hujaribiwa kutolewa au hutobolewa tundu. Mabaki yaliyo juu huondolewa kwa vifaa visivyokwaruza titani, na yaliyo chini zaidi huhitaji fizi kufunuliwa kwa upasuaji mdogo. Dawa za viua vijasumu pekee haziyayeyushi mabaki hayo, na mgonjwa anayenunua vidonge dukani kila fizi inapovimba huahirisha tu siku ya kugundulika.

Anayejiandaa kufungiwa taji ana haki ya kuuliza litafungwa kwa njia gani, ukingo wake utakaa wapi, na aina gani ya saruji itatumika. Majibu hayo pamoja na jina la kipandikizi yaandikwe kwenye kadi yake, kwa kuwa daktari atakayemhudumia baadaye huenda akawa mwingine, katika mji mwingine. Nchini Tanzania madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mgonjwa anaweza kuthibitisha usajili wa anayemtibu kabla ya kuanza matibabu.

Baada ya taji kufungwa, ziara ya kwanza ya ukaguzi isisubiri mwaka upite. Wiki chache zatosha kuonesha kama fizi imetulia. Baadaye ratiba hupangwa kulingana na hali ya mgonjwa, na waliowahi kuugua fizi, wavutaji wa sigara na wenye kisukari huitwa mara nyingi zaidi. Damu inayotoka wakati wa kupiga mswaki pembeni ya kipandikizi, ladha mbaya isiyoisha, au fizi inayong'aa kwa uvimbe ni dalili za kurudi kliniki hata kama hakuna maumivu. Vivyo hivyo kwa aliyefungiwa taji zamani na kulisahau: katika utafiti wa Wilson, dalili zilizotokana na mabaki ya saruji ziligunduliwa kuanzia miezi 4 hadi zaidi ya miaka 9 baada ya taji kubandikwa.